Ukoko wa Kanji

Harufu niliisikia mimi kwanza. Ilikuwa harufu ya nyama inayoungua, na mle chumbani mwa pasi hamkuwa na nyama yoyote isipokuwa mimi na Mjomba.

"Mjomba," nikasema, "hao jirani wanachoma nini asubuhi yote hii?"

"Roho zao," akanijibu bila kuinua macho kwenye kola ya shati. "Piga pasi."

Nikatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye pasi yake ya mkaa na kutua juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kando ya mkanda wa kandambili. Limetulia pale kama mgeni aliyepewa kiti. Moshi mwembamba unapanda. Ngozi imeanza kujikunja kama mfuko wa plastiki uliosogezwa kwenye moto. Na mwenye kidole anapiga mluzi.

Nilipopiga kelele, alitazama, akatikisa mguu, kaa likaviringika chini ya meza. "Aa," akasema, "na hili nalo." Kisha akaendelea na kola.

Mimi nilitapika kwenye beseni la soksi za wateja. Mpaka leo sidhani kama kuna aliyegundua tofauti.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, dobi tangu hajaota ndevu. Wateja wanamwita Mzee Kola, kwa sababu kola ikipita mikononi mwake inasimama yenyewe. Ukiivaa, huwezi kumdharau mtu hata ukitaka, maana shingo haigeuki. Anajua uchafu wa watu kuliko wake zao. Anajua nani anajipaka mafuta ya kula kichwani, nani analia kwenye mikono ya shati, nani hajui kazi ya karatasi ya chooni. Hasemi. Na kinachobaki mifukoni anakirudisha, hata kama mwenyewe hakiulizii. Aliwahi kukuta meno ya bandia ndani ya koti, nusu ya mnofu bado imenasa kwenye gego. Akayasugua kwa mswaki wa kola, akayafunga kwenye kitambaa safi, akayapeleka mwenyewe. Mimi ningeyatupa na koti lake, na ikiwezekana na mtu wake.

Ila ana mambo yake. Kanji, ule uji mzito wa kukazia nguo zisimame, anaipika mwenyewe kila asubuhi na kuipima kwa ulimi. Anachovya kidole kilichotoka kwenye maji ya soksi, analamba, anafumba macho, anachovya tena. Tangu siku ya kwanza nilipokuja kukaa kwao, ikifika saa ya kanji mimi hugeukia ukutani. Ukuta una ukungu, lakini una heshima.

Basi, tukampeleka zahanati kwa nguvu. Sista aliyempokea ni mteja wetu, sare zake nyeupe tunazifua sisi. Akakitazama kile kidole, ambacho kilikuwa kimeanza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, akamchoma sindano ya kipimo kwenye kidole cha mkono, akasoma, akamchoma tena kidole kingine kana kwamba cha kwanza kimemdanganya.

"Mzee, kaa lilipokuangukia hukusikia chochote?"

"Nilisikia mpwa wangu akipiga kelele."

"Mguu umekufa ganzi. Sukari imekaa mwilini siku nyingi. Kidonda hiki hakiponi mpaka sukari ishuke, na isiposhuka, kidole kinakatwa." Akatafuta maneno. "Na kidole, mzee, ni kama uzi wa sweta. Ukivutwa mmoja, unaanza kuuona mkono mzima ukifumuka."

Kwa dobi, hapo alikuwa amesema kila kitu. Tulipotoka nje ndipo Mjomba aliponiambia, polepole, "Watu wanadhani pasi inapigwa kwa mkono. Mkono unashika tu. Pasi inapigwa kwa miguu, mpwa. Dobi wa kukaa kwenye kiti umemwona wapi?"

Masharti ya sista yalikuwa mafupi. Vyakula vya wanga basi: mkate aache, wali aache, viazi aache, soda asiitazame hata ukutani ilikochorwa. Ale mayai, samaki, nyama, majani, kabichi, parachichi. Mkaza mjomba aliyapokea masharti hayo kama askari aliyetangaziwa vita. Alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Mimi sipiki vyungu viwili. Sijaolewa na wanaume wawili. Anachokula yeye, mnakula wote."

"Anti, mimi sina sukari," nikasema.

"Huna sukari, huna diploma, huna kodi. Utakula mayai."

Nikala mayai. Sijui kama msomaji amewahi kuishi katika nyumba ya vyumba viwili ambamo watu watatu wanakula mayai ya kuchemsha na kabichi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Ndani ya siku chache hewa ilikuwa nzito kiasi cha kuikata vipande na kuianika. Yai lenyewe nalo, ukilipasua, kiini kimevaa pete ya kijani kama maji ya kuvu. Asubuhi, kabla sijapiga mswaki, samaki ananitazama kutoka kwenye sahani kwa jicho jeupe. Maini ya kijivu, yenye vijishimo, yanateleza kooni kama konokono anayewahi nyumbani. Parachichi la bila chumvi, ambalo naapa lina ladha ya sabuni ya kipande. Usiku matumbo yetu yalikuwa yakiitana kutoka chumba hadi chumba.

Mjomba, lakini, hakulalamika. Na hicho ndicho kilichonichosha zaidi, maana mtu asiyelalamika anakunyima nafasi ya kulalamika. Alikuwa mkali kwa nafsi yake. Samaki wa kununua aliyekaangwa na unga alimvua ule unga wote kwa ncha ya kisu, taratibu, kama anayemvua mtoto nguo iliyolowa, akausukuma pembeni. Dawa ya kikohozi aliikataa kwa sababu ni tamu. Harusini kwa jirani alikataa keki mpaka bibi harusi akadhani amenuniwa. Jioni, muuza mkate akipita na baiskeli, Mjomba alikuwa anaacha kazi, anainua pua, anafuata ile harufu kwa uso mpaka ipotee kwenye kona. Halafu anarudi kwenye shati. Ilikuwa kama kumtazama mtu akimsindikiza marehemu kila siku ya Mungu.

Hata wateja akaanza kuwahubiria. "Acha mkate, wakili," alimwambia mteja wetu mmoja, mwanasheria mwenye tumbo lililomtangulia mahakamani. "Mkate ni adui anayenukia."

Siku ya kupimwa tena ilipofika, alivaa shati jeupe la kola ngumu, kama anayekwenda kupokea zawadi. Sista akamchoma, akasoma. Akakunja uso.

"Mzee, unakula nini?"

"Mayai. Mpaka naona haya kumtazama kuku."

"Na nini tena?"

"Samaki, kabichi, maini. Muulize huyu."

"Kweli, sista," nikasema. "Ukitaka ushahidi, nikaribie tu."

Hakucheka. Sukari haikuwa imeshuka hata kidogo. Tena ilikuwa imepanda kama mtu aliyesikia anasemwa. Akafungua bandeji. Sitaeleza yote. Niseme tu kwamba pamba ilitoka na kitu ambacho hakikuwa pamba, na kwamba harufu yake ilinifanya niyakumbuke mayai kwa mapenzi. Kidole kilikuwa cheusi pembeni, cha njano katikati, na kinang'aa, kama embe lililosahaulika kwenye mkoba.

"Kipimo hakina ugomvi na wewe, mzee," sista akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ukija tena hivi, nakuandikia uende hospitali kubwa, wakate. Sitaki. Lakini kuna kitu unakula na husemi."

Mjomba aliteremka ngazi za zahanati kama mtu aliyeitwa mwizi sokoni.

Nyumbani, Mkaza mjomba alikuwa akitusubiri mlangoni. Alituangalia nyuso tu. Kisha akamvamia mumewe mifukoni: kushoto, kulia, mfuko wa shati, mpaka ndani ya kofia.

"Fungua mdomo."

"Mimi si ng'ombe wa mnadani."

"Fungua!"

Akafungua. Mkaza mjomba akaingiza pua mle ndani, jambo ambalo mimi nisingelifanya hata kwa urithi, akavuta pumzi ndefu. "Mayai," akasema, kwa masikitiko. Kisha akapata wazo lingine, baya zaidi. "Nani huyo anayekulisha? Kuna mwanamke anakupikia mkate?"

"Mke wangu, mwanamke gani anaiba mume kwa mkate?"

"Mwenye akili! Angekuja na kanga mpya ningemwona. Amekuja na mkate!"

"Nimerudisha meno ya watu mimi," Mjomba akasema. "Meno! Nimerudisha pete, nimerudisha barua za siri, sijafungua hata moja. Nishindwe kurudisha kipande cha mkate? Hata wewe unaniona mwongo?"

Hapo Mkaza mjomba akaketi chini kwenye sakafu, mwiko mapajani, akaanza kulia. "Sikuoni mwongo. Nauona mguu. Mguu huo ndio uliotembea kuja kunichumbia, umetoka kule bondeni na mvua yote ile, umefika kwetu na matope mpaka magotini. Sasa wanataka kuukata, na wewe unasema mayai, mayai!"

Nilitoka nje. Kuna vitu sivitazami, na watu wazima wakipendana ni kimojawapo.

Tulikaa hivyo siku kadhaa, kila mtu akimpeleleza mwenzake. Mkaza mjomba alihesabu viazi ambavyo hatukuwa navyo. Mimi nilimfuata Mjomba mpaka chooni na kusikiliza nje kama anatafuna. Mjomba naye akaanza kula kidogo zaidi, yai moja badala ya mawili, kana kwamba kosa ni la mayai. Akakonda. Kandambili ikawa inampwaya mguu mmoja. Mwingine, ule wa bandeji, ulijaa.

Kisha sista akaja kuchukua sare zake.

Alikuja mapema kuliko kawaida. Kulikuwa na wakaguzi zahanati, akataka sare iliyosimama. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta wangu, kwa maana ilikuwa saa ya kanji. Mjomba alikuwa ameshaichuja na kuimimina kwenye karai. Sasa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria kubwa katikati ya magoti, kijiko mkononi, anakwangua. Kwaru, kwaru. Ile sauti naijua vizuri. Inaanza kwenye meno na kushuka mgongoni.

"Shikamoo mzee," sista akasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Sare zako hizo, zimesimama zenyewe zinakusubiri."

"Unakula nini?"

"Sili. Nasafisha sufuria."

"Kwa mdomo?"

Mjomba akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu asiyejua kazi yako. "Sufuria ya kanji haiguswi na maji, mwanangu. Ukiiosha, kanji ya kesho inaingia mabonge, na bonge moja linaharibu kola. Inakwanguliwa kavu. Na ukoko hautupwi. Fundi wangu aliyenifunza, ukitupa ukoko anakupiga konzi mpaka unasahau jina la baba yako. Dobi anakula ukoko. Ndivyo kazi ilivyo."

"Hiyo kanji inapikwa na nini?"

Hapo alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Unga wa muhogo. Maji. Kipande cha mshumaa, nguo iteleze. Chumvi kidogo, isigande kwenye pasi. Na…" akashusha sauti, "sukari. Ya kutosha. Ndiyo siri ya kung'aa, usimwambie mtu."

Niligeuka kutoka ukutani. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitazama sufuria ile ndani. Chini na pembeni ulikuwa umeganda ukoko mnene, wa kahawia kwenye kingo, mweupe na wa kuvutika katikati kama kamasi la mtoto, na ndani yake kumenasa uzi wa bluu na kitu kilichofanana na nusu ya kifungo. Nusu nyingine ya ukoko ilikuwa tayari tumboni mwa mjomba wangu.

"Kila siku?" sista akauliza.

"Kila asubuhi. Jioni napika sufuria ya pili kukiwa na sare za zahanati. Nyie mnataka kanji nzito."

Sista akautazama mkono wa sare aliyovaa. Ulikuwa mgumu, mweupe, unang'aa. Akaketi taratibu juu ya rundo la mashuka machafu ya watu, jambo ambalo kwa afya yake singelimshauri.

"Mzee," akasema, "huo ni muhogo na sukari."

"Hapana. Hiyo ni kanji."

"Muhogo na sukari, mzee. Sufuria kwa sufuria."

"Lakini si chakula! Ni kazi. Nani amewahi kukaribishwa kanji? Mimi chakula nakula nyumbani, na mke wangu."

"Tumbo halijui kwamba uko kazini."

Nje tone la maji lilikuwa linadondoka kutoka kwenye suruali ya mtu. Mjomba akakitazama kijiko, kisha akakitazama kidole chake kilichofungwa bandeji, kisha kijiko tena. Sijawahi kumwona mtu akijikuta na kitu cha mwingine mfukoni namna ile. Akakipangusa kijiko kwa pindo la shati lake, akakiweka juu ya meza ya pasi, kwa adabu, kama anayemrudishia mwenyewe.

Mkaza mjomba alipoambiwa, alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikamgeukia. "Yaani mimi nimeingiza pua mdomoni mwako namtafuta mwanamke, kumbe ni sufuria? Na nta ya mshumaa! Ndiyo maana ulikuwa huzimiki!" Jioni ile alikuja mwenyewe kazini, akauchukua ukoko uliobaki, akawamwagia kuku wa jirani. Kuku wakaula, kisha wakasimama pamoja wakitafakari.

Ungedhani mambo yameisha. Lakini Mjomba, bila ulimi, alikuwa kipofu. Kanji ya kwanza aliyopika bila kuonja ilitoa shati la ubao. Wakili alirudi mchana ule ule, shingo ina duara jekundu kama mbwa aliyekata kamba.

"Mzee Kola, hakimu kaniita upande wa kulia, nimegeuka mwili mzima kama kabati!"

Ya pili ikatoka laini kama kitambaa cha kupangusia meza. Akajaribu kuonja na kutema. Hakuweza. Ulimi uliomeza miaka yote ile haukuwa na desturi ya kurudisha. Alikuwa anachovya, analamba, na kabla hajakumbuka ndoo ya kutemea, koo limeshafanya kazi yake. Alikikung'uta kidole kwa hasira, kana kwamba kidole ndicho kilichomeza.

Akanigeukia.

"Hapana," nikasema.

"Mpwa."

"Mjomba, nitafua soksi za mji mzima. Nitafua kwa meno. Hilo hapana."

"Njoo."

Hakuwa ananiamuru. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameupumzisha juu ya ndoo. Nilitazama bandeji. Nikaenda.

Alinifundisha. Kanji nzuri, alisema, inaushika ulimi kwenye ncha halafu inauachia, kama mkwe anayeaga: anashika mkono, anashika, anaachia. Isiposhika, ongeza unga. Isipoachia, ongeza maji. Nikachovya kijiko, maana kidole nilikataa, nikakipeleka mdomoni.

Ilikuwa vuguvugu. Hicho ndicho kibaya kuliko vyote, kwamba ina joto la mtu. Ilikuwa nzito, tamu, inanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, na ndani yake kulikuwa na uzi. Ilinipaka ufizi wote na kukaa pale. Nilihisi nimebusiwa na gundi.

"Inashika?" Mjomba akauliza, uso wake karibu na wangu, macho yamefunguka kama ya anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Inashika."

"Inaachia?"

Nilikimbilia beseni la soksi. Nilipomaliza nikafuta mdomo. "Haiachii."

"Maji," Mjomba akasema, na akamimina kikombe.

Ndivyo tulivyokwenda. Yeye mikono, mimi ulimi. Mayai yaliendelea, kabichi iliendelea, samaki aliendelea kunitazama. Sukari ikaanza kushuka, safari hii kweli. Kidonda kikaacha kutoa maji, kikafanya gamba, gamba likafanya ukingo wa waridi ambao sista aliuita mzuri, na mimi sikubishana naye kwa kuwa watu wa afya macho yao ni tofauti. Ukucha ulitoka. Mjomba aliukuta ndani ya soksi yake mwenyewe, akauweka juu ya meza ya pasi, akaniita niuone, mnene, mweusi, umepinda kama kijiko. Nilimwomba autupe. Alikataa siku nzima.

"Kidole kinabaki," sista akasema mara ya mwisho alipofungua bandeji. Mjomba alirudi nyumbani kwa miguu yote miwili, akapitia njia ya mbali makusudi. Mkaza mjomba alimwosha matope mlangoni, na siku ile tukala mayai ya kukaanga, eti ni sherehe.

Asubuhi moja kulikuwa na baridi. Nilionja kanji, ikashika, ikaachia. Mjomba akaimimina kwenye karai na kuanza kuchovya kola. Sufuria ikabaki kwangu nikwangue kwa ajili ya kuku. Ukoko ulikuwa bado wa moto, kingo zimeiva kahawia, unanukia kama kitu ambacho mtu angeweza kukaribishwa. Nilikwangua. Nikatazama ukuta wangu. Kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni.

Mjomba hakuinua macho kwenye kola.

"Tema," akasema.

Nikatema nusu.